Kudai Haki Bila Kumwaga Damu: Msalaba, Ahimsa na Mitaa Yetu

Mada iliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa dini na vijana, Kiwalani, Dar es Salaam



Nimepewa mada ya kupinga dhuluma bila mabavu, na maana yake kwa maadili ya Kikristo na fikra za Kihindu. Wengi wakiisikia huwaza India ya Gandhi au Marekani ya Martin Luther King. Mimi naanzia hapa hapa Dar es Salaam, mwaka 1962, kwa sababu mwaka huo Wakristo na wafuasi wa Gandhi walikaa pamoja katika mji huu wakipanga jambo hilo hilo, na wenyeji tumelisahau.

Uhuru ulikuwa na miezi michache tu. Walikuja Bayard Rustin na Bill Sutherland, Wamarekani weusi waliowahi kufungwa kwao kwa kukataa kushika silaha katika Vita vya Pili vya Dunia. Akaja Michael Scott, kasisi wa Kianglikana aliyefungwa Durban mwaka 1946 kwa kujiunga na Wahindi waliokuwa wakipinga sheria ya ubaguzi wa ardhi. Kutoka India akaja Suresh Ram, mfuasi wa Gandhi. Chama chao, World Peace Brigade, kilikuwa kimeundwa Lebanon mwanzoni mwa mwaka huo. Hapa Dar es Salaam waliweka kituo, wakapanga matembezi makubwa ya watu wasio na silaha kuvuka mpaka na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kumuunga mkono Kenneth Kaunda na chama chake cha UNIP. Mwalimu Nyerere aliwapokea.

Matembezi hayo hayakufanyika. Mambo ya katiba yalibadilika, UNIP ikaingia kwenye uchaguzi wa Oktoba 1962, na tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ikawa huru. Wapo wanaosema mpango ule ulikufa bure. Mimi sikubali. Watu waliojiandaa kutembea kuelekea kwenye bunduki mikono mitupu walikuwa wameshafanya kazi kubwa ndani ya nafsi zao, na kazi hiyo ndiyo mada yetu.

Gandhi mwenyewe alipita pwani yetu mwaka 1893, kijana wa miaka 23, meli ikitua Lamu, Mombasa na Zanzibar kabla hajafika Natal, Afrika Kusini. Miaka 13 baadaye, tarehe 11 Septemba 1906, Wahindi wa Transvaal walikusanyika Johannesburg kupinga sheria ya kuwaandikisha kwa alama za vidole, na hapo ndipo njia ya Gandhi ilipoanza. Aliyesimama na kutaka azimio lao liwe kiapo mbele ya Mungu alikuwa Haji Habib, mfanyabiashara Mwislamu. Nalitaja hili makusudi, maana majirani zetu wengi hapa mtaani ni Waislamu, na njia hii ina mkono wao tangu siku ya kwanza.

Sasa niingie kwenye mafundisho yenyewe. Huwa nasikia ikihubiriwa kwamba Yesu na Gandhi walifundisha kitu kimoja. Kweli Gandhi aliyapenda sana Mahubiri ya Mlimani, na alimsoma mwandishi Mrusi Tolstoy kwa bidii. Lakini mizizi ni miwili. Ahimsa, kutodhuru kiumbe chochote, inasimama juu ya imani kwamba uhai ni mmoja: anayemuumiza mwingine anajiumiza. Mateso ayapokeayo mtu kwa hiari yanamsafisha yeye kwanza, ndipo yaguse moyo wa mpinzani. Ndiyo maana Gandhi alifunga chakula, akaweka nadhiri, akaishi na wenzake Tolstoy Farm kuanzia 1910 wakijizoeza kazi na kujinyima. Swali lake la kwanza lilikuwa: je, mimi nimesafika?

Mkristo anaanzia kwingine. Adui yangu ni mtu ambaye Kristo alimfia angali mwenye dhambi, kama nilivyokuwa mimi. Upendo huo haungoji nisafike, wala haungoji adui abadilike. Yesu hakupanda msalabani kwa kuwa alikokotoa kwamba njia hiyo ingemshinda Pilato. Hapa ndipo imani yetu inapodai zaidi, maana inatutaka tumpende hata yule ambaye hatabadilika kamwe.

Na hapa ndipo tunaposhindwa. Wafuasi wa Gandhi walifanya mazoezi. Sisi tunahubiri shavu la pili Jumapili, halafu hatumfundishi kijana hata mmoja namna ya kusimama imara akitukanwa. Mwanateolojia Walter Wink alieleza kwamba kofi la shavu la kulia, kwa mkono wa kulia, lilipigwa kwa mgongo wa kiganja, kofi la bwana kwa mtumwa. Anayegeuza shavu la kushoto anamlazimisha mpigaji amtambue kuwa ni mtu sawa naye. Somo hilo linahitaji ujasiri, na ujasiri hufundishwa.

Wala Uhindu si sauti moja. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Kihindu, mungu Krishna anamhimiza shujaa Arjuna apigane, na Gandhi alilazimika kuisoma vita ile kuwa ni vita ya ndani ya moyo. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la walioitwa wasioguswa, mwaka 1927 aliongoza maelfu kwenda kunywa maji ya bwawa la umma kule Mahad, maji waliyokatazwa na Wahindu wenzao. Walichukua njia ile ile ya amani wakaielekeza kwa wenye dini yao. Kanisa nalo lijiulize ni nani anayezuiwa kunywa kwetu.

Siwezi kulikwepa swali gumu: itakuwaje njia ya amani ikifungwa? Mwaka ule ule wa 1962, tarehe 25 Juni, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianzishwa katika mji huu huu, na Septemba 1964 ikaanza vita. Kabla ya hapo, Machi 1960, polisi wa Afrika Kusini walikuwa wameua watu 69 Sharpeville waliokusanyika kupinga vitambulisho. Tanzania ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Azimio la Lusaka la 1969 lilisema nchi zetu zingependa mazungumzo kuliko mauaji, ila hazitawaacha wanaopigana pale ambapo njia ya amani imefungwa. Kaunda, mtoto wa mchungaji na msomaji wa Gandhi, alifika hapo kwa uchungu. Siwahukumu. Ila walikwenda huko baada ya kubisha mlango miaka mingi, na sisi hatuna haki ya kuanzia walikoishia.

Maana sisi tunaanzia huko, na wala si kwa mkoloni. Mwizi wa simu akikamatwa mtaani, mawe na tairi hutangulia kabla hata mjumbe hajaitwa, na kesho yake gazeti linaandika “wananchi wenye hasira kali”. Katika umati ule wamo waumini wetu. Kijana yule ni adui mdogo kabisa tuliyepewa kumpenda, na tunamchoma. Kanisa lililonyamaza siku hiyo lisithubutu kufundisha mtu yeyote habari ya Gandhi wala ya msalaba.

Tunao mfano wa karibu. Majirani zetu waliotakiwa kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege upande wa Kipawa na Kigilagila walidai fidia zao kwa vikao, barua na mahakama. Kudai kwa namna hiyo kunachosha kuliko kurusha jiwe, na ndiyo nguvu ninayoizungumzia.

Kwa hiyo naomba tusitoke hapa na azimio la maneno. Kila jumuiya ndogondogo iteue watu, wake kwa waume, watakaozoezwa kuingia katikati ya umati, kumkinga mtuhumiwa kwa miili yao na kumfikisha serikali ya mtaa au polisi akiwa hai. Tuwaalike msikiti na hekalu washiriki mazoezi hayo. Anayekubali aandikishe jina lake leo kwa katibu wa semina, kabla hatujafunga.