Baba wa Pacha

Ndugu mwanafunzi, leo nasema na wewe uliye baba. Ukiambiwa mkeo ana mimba ya pacha, usihesabu miezi tisa. Mimi niliihesabu, wanangu wakaja mwezi wa nane, usiku, nami sina hata nauli.

Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa kabla ya juma la 37. Basi weka akiba mapema, patana na mwenye gari, na mama azalie hospitali.

Watoto wadogo hushikwa na baridi upesi. Joto lao ni kifua cha mzazi, ngozi kwa ngozi. Mama alimpakata Kulwa, mimi nikampakata Doto.

Sasa andika katika daftari lako: "Kifua cha baba nacho kina joto." Kwaheri.