Motokaa ya Mbio na Motokaa Ndogo: Ipi Itatufaa Dutumi?

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Dutumi)



Shauri lililo mbele yetu mwalijua. Fedha za mfuko wa chama zimetimia kununua motokaa moja iliyokwisha kutumika Japani, nayo ni ya kumchukua mwanachama, au mtu wa nyumba yake, apatwapo na ugonjwa, toka huku Dutumi hata Mlandizi, na ikibidi hata hospitali ya Tumbi, Kibaha. Baadhi ya ndugu zetu wataka Toyota Altezza, motokaa ya mbio. Wengine wataka Toyota IST, motokaa ndogo isiyokula petroli nyingi. Sisi tumesimama upande wa ile ndogo.

Kwanza, tuwape haki yao wanaoshindana nasi. Altezza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1998, si kitu cha kudharauliwa. Ile yenye injini ya silinda nne hutoa nguvu za farasi zipatazo 200 katika lita mbili tu, na IST ya lita 1.3 haifiki hata 90. Walakini nguvu hizo hazikuja bure. Injini ile hukandamiza hewa na petroli zaidi ya mara 11, kwa hiyo yataka petroli safi na oili njema. Vali zake huendeshwa kwa mkanda wa mpira, ambao sharti ubadilishwe kwa wakati wake, maana ukikatika injini huzima papo hapo. IST hutumia mnyororo wa chuma. Nasi twanunua motokaa ya mkono wa pili. Nani kati yetu atajua mkanda ule una umri gani? Je, ukikatika usiku, mgonjwa akiwa ndani, nguvu 200 zitamfaa nini?

Pili, tutazame mambo yaliyokwisha kuonekana katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yamepamba moto. Mwaka 1954, na tena 1957 na 1962, mshindi alikuwa Volkswagen, motokaa ndogo yenye sura ya kombamwiko, ambayo nguvu zake hazikuwa za kujivunia. Ilishinda kwa sababu injini yake ilikaa juu ya magurudumu yaendeshayo, hata yakashika matope. Tena ilipozwa kwa hewa, haikuwa na rejeta ya kuchemka. Mwaka 1963 zilitoka motokaa 84, zikarudi saba tu, na ya kwanza ilikuwa Peugeot 404, motokaa ya kawaida ya watu wenye watoto. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, naye pia aliendesha Peugeot 404.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ni Lancia Stratos ya Italia, iliyoundwa makusudi kwa mashindano. Kampuni yake ilikuwa bingwa wa dunia mwaka 1974, 1975 na 1976. Lakini Safari haikuishinda hata mara moja. Mwaka 1975 Stratos mbili zilikuja ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504. Ndipo wazee waliposema kweli: mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mtu atasimama na kusema, “Datsun 240Z ilikuwa motokaa ya mbio, nayo ilishinda mwaka 1971 na 1973.” Ni kweli, wala hatukatai. Lakini ilifuatwa na mafundi wa kampuni yake waliochukua matairi na vipuri, wakiingoja njiani. Sisi Dutumi fundi wetu ni mmoja chini ya mwembe, na kipuri asichokuwa nacho hukifuata Dar es Salaam. Motokaa zilizo jamaa ya IST zimejaa kila mji, kwa hiyo vipuri vyake havitafutwi mbali. Jambo hilo peke yake latosha kutuamulia.

Tatu, njia yetu. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hugandamana na tairi. Altezza husukumwa kwa magurudumu ya nyuma, na uzito wa injini uko mbele. Nyuma ikiwa nyepesi, huteleza. IST huvutwa kwa magurudumu yale yale yaliyolaliwa na injini. Walakini tusidanganyane: zote mbili tumbo lake li karibu na nchi, na maji yakifurika hakuna itakayopita. Tena motokaa ndogo ikipakiwa watu wanane na magunia ya mkaa, springi zake zitavunjika kabla ya mwaka kwisha, na watu watasema kwamba motokaa ndogo hazifai.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo matatu. Inunuliwe IST, baada ya kukaguliwa na fundi asiyekuwa na sehemu katika biashara hiyo. Liwepo daftari la kuandika oili, maili na kila matengenezo, likaguliwe kila mwezi. Na isichukue watu zaidi ya watano, hata kama aombaye ni Mwenyekiti mwenyewe.

Ndugu zetu, anayengoja kitandani na homa hataiuliza motokaa yapita nani barabarani. Atauliza kama imefika. Shauri twaliweka mikononi mwenu, semeni nanyi.