Umeme ukirudi na kompyuta bado iko giza

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kisangani)



Mmeniomba niseme juu ya ile mashine nyeusi ya biro. Wengi mnaona kompyuta moja tu. Kumbe ndani yake mna kompyuta tatu zisizo na chuma, zinaitwa mashine pepe: moja ya karani wa orodha, moja ya mweka hazina, moja ya mafunzo ya vijana. Zile laptopu za zamani za mezani ni madirisha tu ya kuziangalia. Tulipanga hivyo kwa sababu ya umeme. Batri zetu zinaweza kubeba mashine kubwa moja, si nne.

Kwa nini niwasumbue na mambo haya? Ni kwa ajili ya orodha. Vita ya siku sita ilipita hapa Juni 2000. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuja kuamua fidia tarehe 9 Februari 2022: Uganda ilipe dola milioni 325. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11, na kwa madai mengi majaji walisema ushahidi hautoshi. Hesabuni wenyewe miaka ambayo karatasi ilipaswa kuishi! Na sisi leo tunaandika nani alirudi, alitoka wapi, kiwanja chake kilipakana na nani.

Sasa, batri zikiisha, mashine inaanguka ghafla. Umeme unarudi, karani anafungua dirisha lake, giza. Hapo utasikia: tuite fundi asafishe, aweke programu upya. Hapana, jamani. Kusafisha ndiko kunakoua orodha. Kwanza tuiulize mashine yenyewe, kwa maandishi, kwenye dirisha la amri:

virsh list --all

Msisahau hilo neno la mwisho. Bila hilo, inaonyesha tu zile zinazotembea, na karani atalia bure kwamba zote zimepotea. Ikijibu "shut off", mashine imelala tu. Iamshe kwa virsh start na jina lake. Ikijibu "paused", imesimamishwa njiani, na mara nyingi sababu ni diski kubwa kujaa. Andika df -h uone nafasi iliyobaki, ondoa vitu visivyo na kazi, kisha virsh resume. Lakini usiguse mafaili ya /var/lib/libvirt/images, hayo ndiyo mashine zenyewe! Na ikikataa kuamka, faili lake linakaguliwa kwa qemu-img check, mashine ikiwa imezimwa. Kukagua tu. Kabla ya kurekebisha chochote, nakili faili kwanza.

Kuna amri moja inayotisha watu, virsh destroy. Jina baya, kazi ndogo: ni kama kuchomoa waya, diski inabaki. Ya kuogopa kweli ni virsh undefine ikifuatwa na --remove-all-storage. Hiyo inafuta hadi diski.

Mtu ameniuliza kwa nini tusitumie kipanya na picha. Mimi siku nyingi niko Lubunga, ng'ambo ya mto, na netiweki mnaijua. Picha hazipiti. Herufi ishirini zinapita, na zikishindwa, namsomea karani kwa simu naye anaandika.

Tena, ile snapshoti tunayochukua kabla ya kubadili programu si akiba. Inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, zinakufa pamoja. Kila Ijumaa karani atazima kwa virsh shutdown, atangoja hadi aone "shut off", kisha atanakili faili la diski pamoja na maelezo yanayotolewa na virsh dumpxml. Kwa vitu hivyo viwili, mashine inaweza kuamshwa kwenye kompyuta nyingine. Nakala ilale nyumba nyingine, imefungwa kwa neno la siri. Baada ya yale Wambole na Walengola waliyoyapata tangu 2023, orodha inayosema nani ametoka wapi si kitu cha kubeba wazi mfukoni.

Kwa wafadhili: hatuombi kompyuta mpya. Tunaomba diski mbili za nje na batri moja zaidi.

Mafunzo ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, hapa biro. Kila komine ilete watu wawili, mmoja wao awe mama, na kila mtu na daftari lake. Tutaizima mashine ya vijana makusudi, tuone nani ataiamsha.