Mtoto Mtundu na Mungu Aonaye Yote

Wazazi wa Kisauni, kama wenzao wa Likoni na Changamwe, hawana haja ya kuelezwa utundu wa watoto. Msimu wa maembe ukifika, wakubwa wanapojinyosha baada ya chakula cha adhuhuri, kijana wa miaka tisa huwa yu juu ya mwembe wa jirani, shati limejaa ngowe. Akiulizwa, hukana. Ndipo mama aliye Mkristo amwambiapo neno aliloambiwa naye utotoni: "Mimi sikukuona, lakini Mungu amekuona."

Neno hilo ni kweli kwa imani ya Wakristo, na majirani Waislamu huwafundisha watoto wao vivyo hivyo. Lakini lasemwa kwa nia gani? Mara nyingi Mungu hufanywa kama askari wa zamu, asimame chini ya mwembe wakati mama hayupo. Mtoto huogopa siku mbili tatu. Kisha, akiona hakupatwa na jambo lolote, hofu humtoka na imani hutoka pamoja nayo.

Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walianzisha huko Kisauni kijiji cha Frere Town, makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliotengwa na mama zao, wasijue hata njia ya kurudia kwao. Kengele ya kijiji hicho ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni. Kwa watu kama hao, habari za Hajiri katika kitabu cha Mwanzo hazikuwa za mbali. Hajiri alikuwa kijakazi wa Kimisri. Aliteswa na bibi yake, akakimbilia jangwani akiwa mja mzito. Malaika alimkuta penye chemchemi, naye akamwita Mungu kwa jina la yule amwonaye. Hakuwa mwizi aliyefumaniwa. Alikuwa mtu aliyesahauliwa na wote, akatambua kuwa hakusahauliwa.

Hayo hayafuti kosa la maembe, na wako wazazi wapole mno wadhanio kuwa utundu si kitu. Agostino, Mwafrika wa Kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria, aliiba mapeari usiku pamoja na wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16. Kwao alikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Mengi waliyatupia nguruwe. Alipokuwa askofu mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, aliyaandika hayo katika kitabu chake cha Maungamo, akiwa bado atafuta sababu ya kupenda kosa lenyewe kuliko tunda. Hakuna mtu aliyemshitaki. Aliyeambiwa habari hizo kwanza ni Mungu, ambaye alikwisha kuzijua.

Basi mama wa Kisauni, badala ya kutisha, aweza kumshika mtoto mkono, wakaenda pamoja kwa mwenye mwembe na zile ngowe zilizobaki. Mtoto aseme mwenyewe. Ni mwendo mfupi, ila kwa mtoto ni mrefu kuliko kwenda Rabai kwa miguu, na afadhali asiende peke yake. Huenda jirani akagomba sana. Huenda pia akazihesabu ngowe, akatwaa zake, akamwachia moja.