Mwambie Jirani wa Kitanda



Mimi ni mtoto wa Mtendeni. Kila kiangazi, vumbi lilipotanda na moshi wa kuni ukajaa uani, kifua changu kilibana na kulia kama filimbi. Nilipoingia bweni nilificha pumu yangu, nikiogopa kuchekwa. Usiku mmoja nilishindwa hata kuita. Aliyeniokoa ni jirani wa kitanda, aliyesikia pumzi yangu akakimbia kumwamsha mwalimu.

Baadaye nilielewa kwamba njia za hewa za mwenye pumu huwa na uvimbe hata siku anapojiona mzima. Inhela ya salbutamol hulegeza misuli iliyobana, lakini haiondoi uvimbe. Ndiyo maana tangu mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa wa GINA hawashauri vijana na watu wazima kuitegemea peke yake. Inatakiwa pia dawa ya kuvuta inayopunguza uvimbe, kama budesonidi. Mpagazi wa misafara ya Tabora hakungoja kibuyu kikauke ndipo atafute maji.

Vijana, mwenzenu akibanwa, mketisheni wima, mpeni inhela yake, na asipopata nafuu mpelekeni hospitali mara moja. Nawe mwenye pumu, mwonyeshe jirani wa kitanda mahali unapoiweka. Mimi sikumwambia wangu neno. Alisikia kwa bahati tu.