Miaka 15 kwa Kupandisha Bendera

Piga picha akilini ya kitambaa chenye mistari ya buluu na nyeupe, na pembeni wekundu wenye nyota moja nyeupe. Ni Nyota ya Asubuhi, bendera ya Wapapua wanaodai uhuru kutoka Indonesia. Tarehe 1 Desemba 2004, Filep Karma, mtumishi wa serikali, aliongoza mkutano wa amani mjini Abepura, Indonesia, bendera hiyo ikapandishwa. Mwaka 2005 akahukumiwa miaka 15 kwa uhaini.

Lakini kudai uhuru kwa mdomo si kushika bunduki. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Indonesia iliuridhia mwaka 2006, inalinda hata maoni yanayoichukiza serikali. Mwaka 2011 jopo la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba kifungo cha Karma ni cha kiholela.

Gerezani aliugua, na ilibidi watu wapaze sauti ndipo apelekwe Jakarta kutibiwa. Mfungwa hapotezi haki ya kutibiwa, jamani! Kuomba msamaha wa serikali alikataa, maana hakuona kosa la kukiri. Alitoka Novemba 2015, akiwa na miaka 56.