Gego la Mwisho Likisumbua
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Rabai)

Leo tuongee juu ya jino. Najua wengine mlingoja habari za mikopo, lakini jino hili linakula pesa bila kuandikwa kwenye kitabu cha mweka hazina: leo Panadol, kesho Brufen, kesho kutwa siku nzima ya shamba imepotea.

Nasema magego ya nyuma kabisa. Mengi huota kati ya miaka 17 na 25, mtu keshakuwa mkubwa, ndiyo maana wengine huyaita meno ya hekima. Wapo wasioyaota kabisa, na si ugonjwa. Shida ni nafasi. Taya likishajaa, gego linalokuja mwisho hukosa pa kukaa. Linalala ubavu, au linachomoza nusu na nusu nyingine inafunikwa na nyama ya ufizi. Chini ya nyama ile chakula kinaingia, mswaki haufiki, kinaoza. Basi ufizi unavimba, mdomo unanuka, usaha unatoka.

Sasa, si kila gego la mwisho ling'olewe. Likiota sawa na mswaki ukalifikia, liacheni likae. Ufizi ukiuma kidogo, sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi na usafishe pale nyuma vizuri. Karafuu nayo hupoza kwa muda, lakini haiondoi usaha. Aspirini msiweke juu ya ufizi jamani, inaunguza nyama.

Linalonitia hofu ni uvimbe ukiteremka. Ukifika chini ya kidevu na shingoni, mgonjwa akashindwa kufungua mdomo, mate yakamshinda kumeza, ulimi ukainuka, hiyo si kazi ya duka la dawa tena. Usaha unaenea chini ya ulimi na unaweza kuziba njia ya pumzi, mtu akafa. Kwa jino! Msingoje kuche. Apelekwe hospitali usiku huohuo, akiwa amekaa, asilazwe chali. Mwenye kisukari ashughulikiwe mapema zaidi, hata uvimbe ukiwa mdogo.

Hapo kikundi kina kazi. Pesa za mzunguko zina zamu, na ugonjwa haujui zamu ya nani. Wekeni kando nauli ya dharura, na mkubaliane leo ni mwenye gari gani ataamshwa saa nane za usiku. Ulizeni pia mapema bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipia nini kwenye hospitali mnayoitegemea.

Gego lililolala, daktari wa meno hulipiga picha kwanza, maana karibu na mizizi ya chini unapita mshipa wa fahamu wa mdomo. Si kila kituo kina vifaa hivyo. Ukiandikiwa barua uende Kilifi au Coast General kule Mombasa, enda, hujafukuzwa. Utachomwa sindano ya ganzi. Utasikia kusukumwa, lakini maumivu makali hapana. Ukiyasikia, inua mkono uongezwe ganzi.

Likishatoka, uma pamba uliyopewa kwa nusu saa hivi. Siku ile usisukutue, usiteme-teme mate, usivute sigara, wala usinyonye kwa mrija. Lile bonge la damu ndilo kifuniko cha shimo. Likichomoka, mfupa unabaki wazi. Na wazee wangu wa mnazi mtanisamehe: mrija wenu pia ni mrija. Tena ukipewa Flagyl, usiguse tembo mpaka umalize dozi na siku tatu zipite. Uji uliopoa unatosha. Kesho yake anza maji ya chumvi, polepole. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, rudi kwa aliyeling'oa, akuoshe shimo na kukuwekea dawa.